Nachomwa testosteroni, na ndiyo maana napima damu

Ukimwambia mtu hapa Tanga kwamba unachomwa homoni ya kiume, anasikia neno moja tu: nguvu. Anatabasamu, anakuvuta pembeni, anakuuliza inapatikana duka gani na bei yake. Hakuna anayeuliza damu yako ina hali gani. Nina miaka kadhaa sasa natumia testosteroni kwa maelekezo ya daktari, na ninachotaka kukisema ni hicho hasa kisichoulizwa. Dawa hii imenirudishia maisha, nami naishukuru. Lakini haitaki kuachwa ijiendee. Inataka kufuatwa kwa vipimo, na inataka watu wako wa karibu wajue kwamba unaitumia. Wanaume wengi tunachukua sindano na kuyaacha hayo mengine, kwa sababu ya aibu.

Kwangu ilianzia machoni. Nilikuwa naendesha baiskeli kama watu wengi wa mji huu, kwenda kazini bandarini na kurudi, na bodaboda zikawa zinanitokea ubavuni bila mimi kuziona zikija. Mbele naona vizuri. Kilichopotea ni pembeni, kulia na kushoto. Kabla ya hapo ndevu zilikuwa zimeanza kuchelewa kuota, uchovu unanishika asubuhi na mapema, na hamu ya mke imeniishia bila ugomvi wowote nyumbani. Yote hayo nilikuwa nayachukulia mbalimbali. Picha ya kichwa iliyopigwa Dar es Salaam ndiyo iliyoyaunganisha: nilikuwa na uvimbe kwenye tezi ya pituitari, kitezi cha ukubwa wa punje ya njegere kilicho chini ya ubongo, karibu kabisa na mishipa ya macho.

Haukuwa saratani. Ulitolewa kwa kupitia puani, na macho yakarudi. Tezi yenyewe ndiyo haikurudi kama zamani. Pituitari hutuma homoni mbili, LH na FSH, kuziamuru korodani zitengeneze testosteroni na mbegu. Amri zikikatika, korodani zinakaa bure hata kama zenyewe ni nzima. Daktari alianza kwa kuhakikisha kwamba kotisoli na homoni ya thairoidi ziko sawa, maana nazo zinategemea tezi hiyohiyo na kotisoli ikikosekana inaua. Testosteroni ikafuata baadaye.

Hapa nisisitize jambo kwa yeyote anayedhani anaihitaji. Testosteroni hupanda asubuhi na kushuka kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo damu huchukuliwa asubuhi, kabla ya saa nne, tumbo likiwa tupu, tena siku mbili tofauti. Maabara nyingi huhesabu nanogramu 300 hadi 1,000 hivi kwa desilita kuwa ni kawaida ya mwanamume mzima. Yangu haikufika 100 mara zote mbili. Ukipimwa mara moja saa kumi jioni, baada ya kazi na jua, ukaambiwa uko chini, bado hujapimwa.

Sindano nachomwa kwenye zahanati ya mtaani kwetu, na muuguzi anayenichoma ni mama wa makamo ambaye ningependa kila mwenye tiba hii apate mfano wake. Naingia, "Shikamoo mama," naye hata hajainua kichwa: "Marahaba mwanangu. Mara ya mwisho tulichoma wapi?" Anajua, maana ameandika kwenye daftari, anataka nami nijue. Mahali pakichomwa mfululizo panakuwa pagumu na dawa haisambai vizuri, kwa hiyo tunabadilishana kulia na kushoto. Dawa yenyewe ni ya mafuta. Anaiviringisha ampuli katikati ya viganja vyake mpaka mafuta yapate joto na kulainika, anaivunja shingo kwa pamba, anavuta kwa sindano nene, kisha anabadilisha sindano kabla ya kuchoma. "Legeza mguu huu, uzito weka ule mwingine." Halafu anasukuma taratibu sana. Mafuta yakisukumwa kwa haraka unachechemea kutwa nzima.

Uvimbe mdogo mgumu wa siku mbili tatu ni kawaida, na kitambaa cha maji ya uvuguvugu kinasaidia. Ngozi ikiwa nyekundu ikazidi kutanuka, ukapata na homa, hilo linaweza kuwa jipu, nenda hospitali. Uliza pia ni mafuta gani. Baadhi ya sindano hizi hutengenezwa kwa mafuta ya karanga, nyingine ya ufuta, nyingine ya nyonyo, na mtu anayedhurika na karanga lazima aseme kabla ampuli haijakatwa. Ile ninayotumia inatakiwa ikae chini ya nyuzi 30 na isiwekwe kwenye friji. Kwa Tanga wakati wa kaskazi, Februari na Machi, hilo si jambo dogo. Zangu zinakaa kwenye boksi chumba cha chini, ukuta usiopigwa na jua, mbali na bati.

Kuna aina nyingine sitazieleza kwa urefu kwa kuwa sikuzitumia. Iko sindano ya miligramu 1,000 inayokaa wiki 10 hadi 14, ambayo baada ya kuchomwa unabaki kituoni nusu saa, kwa sababu mafuta yakiponyoka yakaenda mapafuni mtu anakohoa na kukosa pumzi ghafla. Iko jeli ya kupaka, na mwenye jeli anawe mikono kwa sabuni na kufunika alipopaka, maana ikimgusa mtoto au mke inaingia mwilini mwao. Vidonge vya zamani vya methili-testosteroni vinaumiza ini, ukiuziwa, viache.

Nilianza na ampuli moja ya miligramu 250 kila wiki mbili. Siku ya pili na ya tatu baada ya sindano nilikuwa nawaka. Mteja akichelewesha nyaraka za mzigo napandisha sauti, watoto wakiangusha kitu natoka nje kwanza nisije nikasema neno baya. Wiki ya pili ikielekea mwisho nimenyong'onyea, sitaki simu wala wageni. Mimi nilidhani ni kazi. Mke wangu ndiye aliyeuona mpangilio, kwa sababu yeye alijua siku za sindano. Aliniambia jioni moja, "Baba watoto, hasira zako zina kalenda," akanionyesha tarehe. Nilizipeleka tarehe hizo kwa daktari kama zilivyo. Ndivyo inavyokuwa kwa sindano za muda mfupi: kiwango kinaruka juu siku za mwanzo, kisha kinaporomoka. Dawa ya hilo ni kuchoma kidogokidogo kwa vipindi vifupi zaidi.

Lakini kabla hatujabadilisha, damu ilikuwa imeshaanza kusema. Nilikuwa na kichwa kizito, macho mekundu, masikio yanavuma nikilala. Tukapima picha kamili ya damu, ile ambayo maabara huandika FBP. Kijana wa maabara alikuwa na moyo wa kufundisha. Alichukua damu yangu kwenye kijiti chembamba cha kioo, akakizungusha kwenye mashine, akanionyesha: wekundu umekaa chini, maji ya manjano juu. Wekundu ulikuwa umevuka nusu ya kijiti. "Hiki ndicho kinaitwa hematokriti, kaka. Yako ni asilimia 55." Kwa wanaume wengi wazima ni kati ya 40 na 50 hivi.

Hili ndilo tatizo la testosteroni linalojitokeza mara nyingi kuliko mengine, na ndilo ninalolipigia kelele zaidi. Homoni hii inauamsha uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu kwa wingi, na inaufungulia mwili chuma cha kuzitengenezea. Kwa mtu aliyekuwa na upungufu wa damu ni heri. Kwa mwingine damu inazidi kuwa nzito, na damu nzito inapita kwa shida kwenye mishipa. Mwongozo wa Chama cha Endokrinolojia cha Marekani wa mwaka 2018 unasema hematokriti ipimwe kabla ya kuanza, kisha kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha kila mwaka. Ikivuka asilimia 54 tiba isimamishwe hadi ishuke, halafu ianze tena kwa dozi ndogo. Ndivyo tulivyofanya. Nilikaa bila sindano, nikarudi na nusu ampuli kwa vipindi vifupi zaidi. Nusu nyingine inamwagwa. Inauma kumwaga dawa ya pesa, nami nilishawahi kumwomba mama muuguzi anihifadhie, alikataa katakata. Ampuli iliyokatwa haina kizibo tena, vijidudu vinaingia. Hasira zilipoa pia, hivyo mabadiliko hayo yalitibu mambo mawili.

Mambo madogo ya kwetu yanaingia hapa. Mama mkwe, kwa mapenzi yake, alikuwa ananiletea juisi ya rozela na vidonge vya kuongeza damu kila akiniona nimechoka. Juisi naendelea kuinywa kwa utamu wake. Vidonge vya madini ya chuma nilimweleza kwa heshima kwamba mimi damu ninayo hadi inazidi, na ilinibidi nimwambie ni kwa nini. Baada ya hapo akawa yeye ndiye anayenikumbusha kunywa maji. Joto la Tanga linakausha mwili, na mtu aliyekaukiwa maji akipimwa anaonekana damu yake nzito kuliko ilivyo. Kwa hiyo siku ya kipimo nakunywa maji ya kutosha tangu alfajiri.

Kuhusu kutolewa damu: madaktari wengine humtoa mgonjwa chupa moja damu ikizidi. Ukitaka kuchangia benki ya damu, waambie wa Damu Salama unatumia nini na wao waamue. Usijipangie mwenyewe kutoa damu mara kwa mara ili uendelee na dozi kubwa. Chuma kinaisha mwilini na uchovu unarudi kwa mlango mwingine. Sigara na shisha nazo zinaongeza unene wa damu, kwa hiyo mwenye kuvuta anajiongezea mzigo.

Kwa miadi ya Dar es Salaam napanda basi, na njia ni ya saa nyingi. Sikai nimekunja magoti mwanzo hadi mwisho. Basi likisimama Segera nashuka, nikifika Chalinze nashuka tena, natembea nikikanyaga kwa visigino na vidole, hata kama kondakta ananung'unika. Damu nzito na miguu iliyotulia ndiyo njia ya kupata mgando kwenye kigimbi.

Habari za moyo zimewatisha watu kwa miaka, na wapo walioacha tiba wanayoihitaji kwa sababu hiyo. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uitwao TRAVERSE. Waliingizwa wanaume 5,246 wa miaka 45 hadi 80, wenye testosteroni ya chini na wenye ugonjwa wa moyo au hatari kubwa ya kuupata. Nusu walipewa jeli ya testosteroni, nusu jeli tupu. Vifo vya moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi vilikuwa asilimia 7.0 kwa waliopata dawa na 7.3 kwa wasioipata, yaani dawa haikuongeza. Ila waliopata dawa walipatwa zaidi na mambo matatu: mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, figo kuumia ghafla, na mgando wa damu mapafuni. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaondoa onyo kubwa la moyo kwenye dawa hizi na kutaka onyo la kupanda kwa presha liandikwe kwa zote. Mimi nimesoma hapo mambo mawili: nisiogope, na nipime presha. Nilinunua mashine ya mkononi, naandika namba kwenye daftari lilelile la sindano. Na kwa kuwa chumvi inavuta maji mwilini na testosteroni nayo ina tabia hiyo, papa mkavu na ng'onda, vyakula nilivyokulia, sasa nakula kwa nadra, tena baada ya kuloweka na kumwaga maji yake.

Usingizi nao ulinipa somo, na safari hii tena aliyegundua si mimi. Mke wangu aliniamsha usiku akasema ninakoroma, halafu nanyamaza kabisa, halafu nashtuka kama nimetoka majini. Huko ni kukatika pumzi usingizini. Testosteroni inaweza kuzidisha hali hiyo, na kukatika pumzi kwenyewe, kwa kuwa oksijeni inashuka usiku, kunaifanya damu iwe nzito zaidi. Nilipunguza kitambi, nalala ubavu, na daktari analifuatilia. Mwanamume anayelala peke yake, au aliyemficha mkewe, hili hawezi kulijua.

Chunusi za mgongoni na mabegani zilinitoka mwaka wa kwanza, zikapungua dozi iliposhuka; sabuni ya kawaida, shati la pamba, na kutozitumbua. Nywele za utosini hupungua kwa waliozaliwa kwenye ukoo wa vipara. Matiti yakianza kuuma au kuvimba mwambie daktari, kwa kuwa sehemu ya testosteroni hugeuzwa na mwili kuwa homoni ya kike, zaidi kwa mtu mwenye mafuta mengi. Usijinunulie vidonge vya kuizuia homoni hiyo.

Tezi dume inahitaji maneno zaidi. Mwaka 1941 Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba saratani ya tezi dume iliyosambaa hunywea homoni ya kiume ikiondolewa, na kazi hiyo ikampa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Tangu hapo watu wakaamini kwamba kumpa mtu testosteroni ni kumpandia saratani. Ushahidi hadi leo hauonyeshi hivyo kwa mtu asiye na saratani, lakini aliyenayo tayari hapaswi kuanza bila daktari bingwa kujua. Nami ni mwanamume mweusi niliyevuka arobaini, na sisi tuna hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huo. Nilipimwa PSA, kipimo cha damu cha kuchunguza tezi dume, kabla ya kuanza, nikapimwa tena ndani ya mwaka wa kwanza. Mkojo ukianza kukatika, au kuniamsha usiku kuliko kawaida, sisubiri miadi. Kipimo cha kidole, daktari akiipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, nacho nilifanyiwa. Kinachukua muda mfupi kuliko kunyoa ndevu.

Sasa vijana. Karibu na nyumbani kuna jimu ya wazi, vyuma vya saruji na mabomba, na mmoja wa vijana pale alisikia habari zangu. Akaja kwa adabu zote: "Mjomba, hebu nigawie na mimi vile vichupa viwili vitatu." Nilimkalisha barazani. Nilimwambia mimi ninawekewa kile ambacho mwili wangu hautengenezi; yeye anakitengeneza. Akijidunga, ubongo wake unaona homoni imejaa, unaacha kutuma LH na FSH, korodani zinasinyaa na mbegu zinakwisha. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu testosteroni kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na matokeo yake yalitoka mwaka 1990: wanaume wazima wa afya walichomwa miligramu 200 kila wiki, na wengi wao mbegu ziliisha kabisa ndani ya miezi sita. Alinyamaza. Alikuwa na mchumba. Mbegu hurudi mtu akiacha, lakini inaweza kuchukua miezi mingi, mwaka au zaidi, na waliotumia dozi kubwa za jimu kwa miaka hawana uhakika. Mimi mwenyewe kama nitataka mtoto mwingine, itabidi testosteroni iwekwe kando na nichomwe homoni za kuziamsha korodani. Anayetafuta mtoto amwambie daktari kabla ya sindano ya kwanza.

Wengine hawaendi jimu, wanakwenda kwa wauza vumbi la Kongo na mizizi isiyo na jina. Supu ya pweza siigombi. Ni chakula kizuri, na pweza wa Tanga ni mtamu. Testosteroni ndiyo haina. Ila unga usiojulikana unaomfanya mtu apate nguvu ndani ya nusu saa, ujiulize una nini. Dawa za mitaani za namna hiyo zimekutwa katika nchi nyingi zimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa iliyomo kwenye Viagra, na mtu anayetumia dawa za moyo za naitreti akiinywa bila kujua presha inaweza kuporomoka akafa. Na kama kweli testosteroni yake iko chini, huenda kuna uvimbe kichwani unaendelea kukua huku yeye anakunywa unga.

Ramadhani wengi wananiuliza. Wanazuoni wengi wanasema sindano ya msuli isiyo ya lishe haifunguzi, nami ninaifuata kauli hiyo, ingawa mara nyingi naenda kuchomwa baada ya futari ili niwe nimekunywa maji. Damu ya kupima hematokriti naitoa asubuhi, nikiwa nimekula daku na kunywa. Alasiri ya mfungo damu ya mtu yeyote imekaukiwa, na majibu yatakuhangaisha bure.

Mwisho ni dalili ambazo hazingojei miadi. Kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, chenyewe tu bila kuumia. Pumzi ikikubana ghafla au kifua kikichoma ukivuta hewa. Moyo ukienda mbio bila mpangilio. Uso ukipinda, mkono ukiishiwa nguvu, ulimi ukiwa mzito. Kichwa kikiuma kuliko ulivyowahi kuumwa, au macho yakianza tena kupoteza pembeni. Lolote kati ya hayo, nenda Bombo, hospitali ya mkoa hapa Tanga, au hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo, na ukifika mapokezi sema mbele ya yeyote aliyepo: natumia sindano ya testosteroni, dozi hii, nilichomwa tarehe fulani. Mke wangu ana maneno hayo kwenye simu yake, na mwanangu mkubwa anayo, kama siku hiyo mimi sitaweza kuyasema.